Mashuka Hayakunjwi Paani

Nyumba ya akina Kibanio ilinukia sabuni mwaka mzima. Mama yao alikuwa dobi, na si dobi wa nguo mbili tatu za majirani. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara, mashuka meupe yasiyosamehewa hata doa la chai. Alfajiri aliloweka, asubuhi alifua na kukamua, mchana alianika. Watoto walipotoka shule ndipo ilipofika zamu yao ya kuanua, kukunja na kupanga kikapuni.

Kibanio halikuwa jina lake la shuleni. Alipokuwa mdogo aling'ang'ania gauni la mama yake kila mahali, sokoni, bombani, hata msalani, mpaka jirani mmoja akasema mtoto huyu ni kibanio cha nguo. Jina likashika. Sasa alikuwa darasa la sita, mrefu, mbishi kidogo, na mikono yake ilikuwa hodari kuliko ya watu wazima wengi. Mdogo wake aliitwa Redio, na sababu haihitaji maelezo. Mwalimu akijikwaa darasani, mtaa mzima ulikuwa na habari kabla kengele ya kutoka haijalia.

Walikaa katika vyumba viwili vya ghorofani. Juu yao palikuwa na paa la saruji, bapa kama meza, na huko ndiko Mama alikofunga kamba zake. Chini aliishi mzee mwenye nyumba, mtu wa maneno machache na funguo nyingi. Yeye ndiye aliyemruhusu Mama kuanika juu, kwa sharti moja: siku atakayosikia kwamba mtoto amechezea ukingoni, atafunga mlango wa paa na ufunguo atakaa nao mwenyewe. Ukingo wenyewe haukufika hata magoti ya Kibanio. Uani hapakufaa kuanikia, kwa maana palikuwa na kivuli kutwa nzima na vumbi la barabara. Bila paa, mashuka yasingekauka kwa wakati, na nyumba ya wageni ingetafuta dobi mwingine. Watoto walilijua hilo vizuri, kwa sababu Mama aliwaambia mara kwa mara.

Mama naye alikuwa na sharti lake. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, kila mmoja mbili, kisha hurudi kinyumenyume mpaka nguo itanuke. Hulivuta kwa pamoja ili mikunjo itoke, wakakutana katikati kuunganisha pembe, wakaachana tena. Muda wote huo macho ya mkunjaji yako kwenye nguo, na nyuma yake haoni kitu. Ndiyo maana Mama alisema juu ni pa kuanika na kuanua tu, kukunja ni uani. Kila shuka lilipaswa kuteremshwa begani, lisiburuzike, halafu mtu apande tena kufuata jingine. Ngazi zilikuwa nje ya nyumba, zimesimama wima, na hazikumhurumia mtu aliyetoka shule na njaa.

Kibanio ndiye aliyegundua njia ya mkato. Siku moja Mama alipokwenda kupeleka mzigo, alimshawishi Redio wakunje huko huko juu, kisha wakateremsha rundo zima kwa mkupuo mmoja. Mama aliporudi alikuta kazi imekwisha na watoto wanacheza. Aliwasifu sana. Hata mama msimamizi wa nyumba ya wageni aliambiwa kwamba watoto hawa wana mikono miepesi ajabu. Baada ya sifa zile, nani angekubali kurudia safari za ngazi? Ikawa kila Mama akitoka, mashuka yanakunjwa juu.

Siku ya mkasa ilikuwa siku ya mablanketi. Yalikuwa yamejaza kamba zote za urefu wa paa na bado yalikuwa na maji. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya upana tu, kipande chembamba kati ya blanketi la mwisho na ukingo wa nyuma. Mtaani wasichana walikuwa wameanza kuruka kamba na walimwita Kibanio kwa zamu. Lilibaki shuka moja, la kitanda kikubwa.

Redio aliitazama ile nafasi akasita. Alisema hili ingekuwa bora walipeleke chini.

"Mama akijua?" aliuliza.

"Atajuaje, labda wewe umtangazie," Kibanio alijibu, akampa pembe mbili.

Walirudi kinyumenyume. Kulikuwa na mkunjo mmoja sugu katikati ya shuka, na Kibanio alikuwa ameukazia macho. Alivuta, akarudi hatua, akavuta tena. Kisigino chake kikagusa kitu. Alidhani ni kikapu, akakisukuma kwa mguu ili kimpishe, na mwili wake ukaegemea nyuma. Upande wa pili Redio alihisi shuka likimvuta kwa nguvu, kisha likamchomoka vidoleni. Alipoinua macho, mbele yake hapakuwa na mtu.

Nyuma ya nyumba fundi mwashi alikuwa ameacha lundo la mchanga. Kibanio alitua akiwa wima, pembeni mwa lundo, mahali ambapo mchanga ulikuwa mwembamba na ardhi ngumu ikiwa karibu. Maumivu yalimpanda kutoka visiginoni mpaka kiunoni kwa mara moja, akakaa chini bila kupenda. Shuka lilifika baadaye, taratibu, likamfunika.

Redio alishuka ngazi mbio, akazunguka nyumba, akaona shuka jeupe limefunika kitu kisichotikisika. Aliogopa kulifunua. Kibanio alilivua mwenyewe kichwani, akakohoa mchanga, na mdogo wake akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Umetua kwa miguu kama paka," alisema.

Kweli wote wawili waliamini kwamba bahati imewasimamia. Kichwa hakikugonga popote na damu haikutoka. Lakini Kibanio alipojaribu kuinuka, mguu wa kulia ulikataa katakata. Hapo akawaza mlango wa paa na ufunguo wa mzee mwenye nyumba. Aliona kamba za Mama ziko tupu, na mashuka yakienda kwa dobi mwingine, yote kwa sababu yake. Aliogopa hilo kuliko alivyouogopa mguu wake.

"Nimeteleza ngazini," alisema. "Ngazi ya mwisho. Umesikia?"

Redio aliitikia kwa kichwa. Kibanio akamlazimisha aseme kwa mdomo, naye akasema. Kisha alijikokota kwa makalio mpaka mwanzo wa ngazi, mdogo wake akimshika kwapa, na shuka lenye mchanga likatumbukizwa ndani ya karai la kulowekea. Mama aliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa ukweli.

Katika zahanati ya mtaa tabibu alimwuliza ameanguka kutoka wapi. Kibanio akajibu kwamba ameteleza ngazi ya mwisho, kandambili zilikuwa na maji. Tabibu aliubonyeza mguu, akasema unaelekea umeteguka, akaufunga bendeji na kumpa dawa ya maumivu. Alimwagiza Mama kwamba baada ya siku chache mtoto aanze kusimama kidogo kidogo, na uvimbe usipopungua wampeleke hospitali akapigwe picha ya eksirei. Kwa habari aliyopewa, tabibu yule alifanya kazi yake sawasawa.

Tangu hapo Kibanio alifungwa, ingawa hakuna aliyemfunga. Kitanda chake kilikuwa kando ya ukuta, chini ya dirisha la nondo lililoonyesha kipande cha anga na ncha ya kamba ya nguo. Joto la saruji lilishuka kutoka paani likajaa chumbani. Chini aliwasikia wenzake wakiruka kamba na kugombania zamu. Juu ya kichwa chake alizisikia nyayo za Mama zikienda na kurudi kati ya mashuka, na kila zilipokaribia upande wa nyuma, alishika godoro kwa mikono miwili.

Ubaya wa uongo wake ni kwamba ulikuwa na vipimo. Mtu aliyeteleza ngazi moja anaruhusiwa kuumwa mguu mmoja. Mguu wa kushoto nao ulikuwa ukiuma, lakini huo hakuweza kuutaja. Mgongo ulikuwa ukiuma zaidi ya vyote, chini kidogo, usawa wa mkanda. Huo ndio hasa aliouficha. Ataanzaje kusema mgongo unamuuma, wakati aliteleza ngazi ya mwisho? Kwa hiyo hakuomba kugeuzwa. Hakuomba mto. Alipoletewa chakula alikula akiwa ameegemea kiwiko, akitabasamu kama mtu aliyelipwa kutabasamu, na Mama alipotoka aliuma shuka.

Mambo hayakuishia hapo. Mama alizitupa zile kandambili kwa hasira. Alichukua brashi ngumu na mchanga, akaisugua ngazi ya mwisho mpaka ikawa nyeupe kuliko zote. Halafu mzee mwenye nyumba mwenyewe aliikwaruza na kuipaka saruji mpya ili isiteleze tena. Alipomaliza alipanda, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mjukuu wangu, ngazi yangu imekuumiza," alisema. "Uniwie radhi."

Kibanio aliugeukia ukuta. Angepigwa ingekuwa afadhali. Mzee alidhani mtoto ana usingizi, akashuka kwa kunyata.

Redio naye alikuwa amezimika kabisa. Mama alimpapasa paji la uso akitafuta homa, akauliza kama betri zimekwisha. Mtoto alitikisa kichwa tu. Siku zote alikuwa akikaa kizingitini mwa chumba cha dada yake, akichonga kijiti kisichokuwa na kazi. Jioni moja alisogea karibu na kitanda.

"Nimwambie Mama?" alinong'ona.

"Ukimwambia, mlango wa juu unafungwa na Mama anakosa kazi. Wewe ndiye utakayekuwa umeufunga."

Redio alisema kitu ambacho Kibanio hakukitegemea.

"Mimi ndiye niliyeliachia shuka."

Kumbe mtoto alikuwa amekibeba hicho moyoni tangu siku ile. Kibanio alitaka kumwambia kwamba si kweli, kwamba ni yeye aliyejirudisha nyuma bila kutazama. Lakini wakati huohuo mgongo ulimchoma, akafumba macho, na alipoyafumbua Redio alikuwa ameshatoka. Neno lile halikusemwa.

Asubuhi iliyofuata paja la kulia lilikuwa na ganzi. Alilifinya, akasikia kwa mbali, kana kwamba anafinya paja la mtu mwingine. Kufikia mchana ganzi ilikuwa imeshuka chini ya goti. Hapo Kibanio aliogopa woga wa kweli. Aliwaza kwamba labda hatatembea tena, na hata hivyo, Mama alipoingia na kumwuliza anajisikiaje, mdomo wake ulijibu wenyewe kwamba hajambo.

Mama alisema basi, kama hajambo, siku ya kusimama ndiyo hii. Alitania kwamba mguu huu wakiudekeza zaidi utaomba na mto wa pili. Akamkumbatia chini ya makwapa, akamwinua. Maumivu yalimpasua Kibanio kiunoni, na uzito wake wote ukamwangukia mama yake. Mama akamrudisha kitandani. Alikuwa hatanii tena. Alifungua bendeji kwa mikono ya haraka, akaugeuza mguu juu kutazama wayo. Wayo ulikuwa umevilia damu, rangi ya wino, kutoka kisiginoni mpaka katikati.

"Mtu akiteleza haumii huku," alisema polepole.

Mama hakusubiri jibu. Alishuka kugonga mlango wa mzee mwenye nyumba, maana yeye tu ndiye aliyekuwa na gari.

Mzee alimbeba Kibanio kumshusha ngazi. Alipofika ya mwisho aliikanyaga kwa uangalifu mkubwa, ile aliyoikwaruza kwa mkono wake. Njiani aliendesha taratibu mno, na kila walipopita shimo aliomba radhi kama aliyelichimba yeye. Redio alikaa nyuma na mto mapajani, kimya, akimtazama dada yake jinsi anavyokaza meno.

Hospitalini, daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani aliyoitafuta mezani huku ikiwa juu ya kichwa chake. Aliitundika picha ya eksirei ya mguu mbele ya taa na kuitazama kwa muda. Mfupa wa kisigino ulikuwa umepondeka na kupoteza umbo lake. Aliwauliza tena mtoto alianguka vipi. Mama akasema ngazini, na mzee akaongeza kwa aibu kwamba ngazi ni yake na ameshaitengeneza.

"Mmewahi kuona mtu akikaza jembe?" daktari aliuliza. "Anagonga mpini chini, lakini kinachosogea ni kichwa kule juu. Mtu anayeanguka kutoka juu akatua kwa miguu, ndivyo ilivyo. Kisigino kinapigwa, na kishindo kinapanda hadi gotini, nyongani, mgongoni. Kisigino kikivunjika hivi, mimi huwa nauliza habari za mgongo." Alimgeukia Kibanio. "Mwanangu, mimi sipigi watoto na wala sina ugomvi na mtu. Ulianguka kutoka wapi?"

Kibanio aliangalia funguo zilizoning'inia mkononi mwa mzee. Aliangalia mikono ya Mama iliyochubuka kwa sabuni.

"Ngazini," alisema.

"Na mgongo hauumi?"

"Hauumi."

Daktari alitaka kusema neno, lakini muuguzi alimwita mbio chumba cha pili kwa mgonjwa aliyezidiwa. Alisema anarudi sasa hivi. Alipotoka tu, mhudumu wa plasta aliingia na magongo mawili, na kwa kuwa hakuwepo wakati wa maswali, alifanya alilolizoea. Alimwambia binti asimame kidogo wapime urefu wa magongo. Mama akamshika kwapa moja. Mzee akamshika la pili.

Kibanio alijua. Akisimama, kuna kitu ndani ya mgongo wake kitakachokwenda ambako hakitarudi. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Siku zote hizo alikuwa ameufunga kwa bidii, na sasa ulikuwa umefungika kweli.

"Asisimame," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Ilikuwa sauti ya Redio, imekauka kwa kutotumika. Wote wakageuka.

"Asisimame. Ni mimi niliyemwangusha. Mimi niliachia shuka."

Mama hakuelewa. Alimtazama mtoto wake wa kiume, uso ukaanza kubadilika, na Kibanio akauona ukibadilika. Aliona mdogo wake amesimama peke yake katikati ya mlango, amejitwika mzigo usiokuwa wake. Hilo hakuweza kulivumilia. Maumivu aliyavumilia, ganzi aliivumilia, lakini si hilo.

"Si yeye," alisema. "Msimsikilize. Ni mimi. Nilianguka kutoka paani, Mama. Tulikuwa tunakunja juu, na mimi ndiye niliyemwambia tukunje. Nilirudi nyuma bila kutazama." Akavuta pumzi. "Na mgongo unauma tangu siku ile. Mguu una ganzi. Nilisema uongo kwa kila mtu."

Funguo zilianguka kutoka mkononi mwa mzee. Mhudumu alikuwa wa kwanza kuzinduka, akayaweka magongo sakafuni na kukimbia kumwita daktari.

Daktari aliingia akasema neno moja tu, kwamba asiguswe. Kibanio alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, nao walimlaza polepole, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, kisha wakambiringisha kwa pamoja kama gogo ili wapitishe shuka chini yake. Lilikuwa shuka la kawaida la hospitali. Daktari alishika pembe moja, mhudumu ya pili, na wakatafuta watu wa kushika zilizobaki. Mzee alichukua ya tatu. Mama alichukua ya nne.

"Livuteni likaze, lisilegee katikati," daktari alisema. "Likilegea, mgongo unapinda."

Hilo Mama hakuhitaji kufundishwa. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, lakini pembe yake haikulegea hata kidogo. Walimhamisha mtoto mpaka kwenye kitanda cha magurudumu bila mtikisiko, na kutoka hapo akapelekwa kupigwa picha ya mgongo.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza taratibu. Pingili moja ya chini ya mgongo ilikuwa imebonyea na kupasuka. Kipande kidogo kilikuwa kimeanza kusogea na kubana mishipa ya fahamu, na hiyo ndiyo sababu ya ganzi. Angeendelea kusimamishwa, hakuna aliyejua kingefika wapi. Sasa ingebidi alale chali kwa majuma mengi, kisha avae mkanda mgumu wa kushikilia mgongo, na kisigino kitiwe plasta. Angetembea tena. Isingekuwa kesho wala mwezi huu, lakini angetembea.

Nje kwenye benchi, Mama alimwambia mzee mwenye nyumba kwamba sharti analikumbuka. Hakuomba msamaha wala kutafuta njia ya kukwepa. Mzee aliitikia kwa kichwa, na siku hiyohiyo aliufunga mlango wa paa. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, na Kibanio alipopata habari akiwa amelala chali hospitalini, alilia hadi masikio yakajaa machozi. Kile alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimetokea.

Ajabu ni kwamba baada ya kulia alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu aanguke. Ganzi ilianza kupungua. Redio alirudiwa na sauti yake, na wodi nzima ikajua habari za mtaa wao, ikiwemo ile ya kuku wa jirani aliyetagia ndani ya kiatu cha mwalimu. Mama alianika uani, kidogo kidogo, akihamisha kamba kufuata jua lilipopenya. Nyumba ya wageni ilinung'unika kwa kucheleweshewa, ikamwachia nusu tu ya kazi, lakini haikumwacha kabisa.

Siku aliyorudishwa nyumbani, Kibanio alisikia mlio wa mwiko wa mwashi juu ya paa. Lundo la mchanga nyuma ya nyumba lilikuwa limekwisha. Fundi alikuwa ameupandisha ukingo pande zote, na sasa ulimfika mtu mzima kifuani. Mzee alipanda kumjulia hali, akasimama palepale mlangoni alipokuwa amesimama siku ile, akatoa ufunguo na kuuweka mkononi mwa Mama.

"Nilijua ukingo ni mfupi," alisema. "Nikaona ni rahisi kukataza kuliko kujenga. Kosa langu hilo nami nimelifanyia kazi. Kukunja juu bado ni marufuku."

Alipoondoka, Kibanio alimwomba Mama msamaha. Alisema alikuwa anaogopa wasije wakapoteza paa. Mama aliweka kikapu chini, akaketi kwenye ncha ya kitanda.

"Paa ningetafuta jingine," alisema. "Mgongo wako ningeutafuta wapi? Kukunja juu lilikuwa kosa la kitoto, na makosa ya kitoto ndiyo kazi yenu. Lakini uliniacha nikakuinua kwa mikono yangu mwenyewe, huku sijui ninachokivunja. Tabibu alikutibu ngazi, mimi nikasugua ngazi, mzee akapaka saruji ngazi. Sote tulikuwa tunakupenda, na sote tulikuwa tunatibu kitu kisichokuwepo. Mtu akianguka, aseme ameanguka kutoka wapi, hata kama hapo mahali palikatazwa. Na aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe wala asitembezwe mpaka atazamwe, hata kama ametua kwa miguu na anacheka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na wewe?" Mama alimwuliza Redio.

Redio alisema ameelewa, na kwamba wanafunzi wa darasa lake watakuwa wameelewa kufikia kesho saa nne.

Kibanio alianza kwa kukaa, kisha akasimama na magongo, na mwishowe akashuka ngazi mwenyewe, akipumzika kila baada ya hatua. Alipofika uani kwa mara ya kwanza, mkanda mgumu kiunoni, Mama na Redio walikuwa wanakunja shuka la kitanda kikubwa. Mama alimpisha, akampa pembe zake mbili. Yeye angesimama tu, na Redio ndiye angerudi nyuma.

Redio alishika pembe zake kwa nguvu zote, vidole vimebadilika rangi. Kibanio aliliona hilo na akajua kwamba kuna neno alilokuwa akidaiwa tangu jioni ile.

"Siku ile si wewe uliyeliachia," alimwambia. "Mimi nililivuta nikaondoka nalo. Hata Mama asingeweza kulishika."

Redio alitazama chini, akafuta pua kwa bega. Vidole vikalegea kidogo. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, na hapo Kibanio akamsimamisha.

"Nyuma yako kuna nini?"

Redio aligeuza shingo, akatazama vizuri, kuanzia ukutani mpaka bombani.

"Karai moja na kuku wa jirani," alijibu.

"Sogeza karai. Mfukuze kuku. Halafu uje tuvute."

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile hakuna anayerudi nyuma na shuka mkononi kabla hajaulizwa swali hilo na kulijibu kweli.